Pikipiki Ikitatarika: Mwongozo kwa Mteja Asiyejihadhari

Kosa la kwanza la mwenye pikipiki mgeni ni kuisikiliza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Eldoret ingali imelalia tangi, anawasha, anasikia injini ikitatarika kama mahindi kwenye kikaango, kisha anachuchumaa na kutega sikio. Mtu wa namna hiyo ni hatari kwa uchumi. Akichuchumaa hapo dakika kumi anaweza kuujua ugonjwa kabla hajakutana na fundi hata mmoja, na watoto wa watu watakula nini? Wewe usifanye hivyo. Ipeleke steji.

Steji ndiyo hospitali ya rufaa ya pikipiki. Utawakuta vijana sita chini ya miavuli yao, wameegemea tangi wakingoja abiria. Washa, waache wasikilize. Yule aliyebadilisha taimingi cheni mwezi uliopita atakwambia ni taimingi cheni. Yule ambaye pistoni ilimkwamia njia ya Burnt Forest usiku wa mvua atatikisa kichwa kama mleta habari za msiba: pistoni. Wa tatu aliwahi kuuziwa petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Kwake yeye kila kitu, hata kikohozi cha mtoto, ni petroli. Wa nne ana ndugu anayeuza klachi. Wa tano anasema ni tapeti, na huyo usimdharau, kwani tapeti ni jibu la kila mtu, kama malaria ilivyokuwa jibu la kila zahanati tulipokuwa wadogo. Wa sita haisikilizi injini. Anatazama matairi, kisha anauliza utaiuza pesa ngapi.

Nasema haya kwa kuwa mimi nilipewa magonjwa saba na watu sita. Chapa ya pikipiki sitaitaja, maana kiwanda hakikuwa na hatia. Ni yangu kwa karatasi na ya mpwa wangu kwa matumizi: huitoa Langas kwenda mjini na kurudi, akibeba wanafunzi, wagonjwa, mitungi ya gesi na, msimu wa mavuno, gunia la mahindi la kilo 90, kisha jioni huniletea hesabu. Nilipomuuliza kuhusu ile sauti aliniambia, “Mjomba, hiyo ni sauti ya kazi.” Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Mtoto akikwambia kelele za darasani ni sauti ya kazi, nenda ukahesabu vioo vya madirisha.

Injini hizi zilitujia kwa wingi baada ya 2008, serikali iliposamehe kodi pikipiki za chini ya cc 250, na boda boda, iliyoanza kama baiskeli ya kuvushia watu mpaka wa Busia, ikapata injini. Sasa, injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa ni nyumba ya chumba kimoja yenye kuta za mabati. Ndani baba anakoroma, sufuria inachemka, mtoto analia, redio inasoma matangazo ya vifo, na jirani aliye nje anasikia zogo moja tu. Gari lina maji yanayoizunguka silinda na kumeza sauti. Pikipiki ina mapezi ya chuma yanayoitoa nje nzima nzima. Pistoni, valvu, klachi na gia vyote vinaoga oili moja, takriban lita moja, ndani ya sanduku unaloweza kulikumbatia. Kusema “injini inalia” ni kama kusema “kwa fulani kuna kelele”. Sawa, lakini anayepiga kelele ni nani?

Fundi hatakuuliza hilo. Atakuuliza, “Mwalimu, unataka tuitoe hiyo kelele?” Nawe utasema ndiyo, na hapo umekwisha. Umeagiza ukimya, na ukimya ni rahisi sana kuutengeneza.

Ukimya wa bei nafuu ni wa tapeti. Kati ya tapeti na mguu wa valvu huachwa nafasi ndogo, kwa pikipiki nyingi za aina hii baina ya milimita 0.05 na 0.10, ili valvu ikipata moto na kurefuka isikose pa kwenda. Nafasi ikizidi, inagonga: tik-tik-tik, nyepesi, kama cherehani ya jirani. Kuipima ni kazi ya muda mfupi, injini ikiwa baridi, pistoni imepanda juu na valvu zote mbili zimefunga, kwa vibati vyembamba vya kupimia. Asiye na vibati hutumia wembe, na simcheki: wembe wa kunyolea wa makali mawili una unene wa karibu milimita 0.1. Lakini fundi aliyeagizwa ukimya hahitaji hata wembe. Anakaza mpaka hakuna kinachosikika. Unalipa shilingi mia tatu, unaondoka ukitabasamu, pikipiki inanong'ona kama muumini aliyechelewa ibadani. Huko ndani, valvu ya moshi haikai tena sawasawa kwenye kiti chake, na kiti hicho ndipo ilipokuwa ikiuachia moto wake. Inaungua kidogo kidogo bila kulalamika. Baada ya muda unaanza kupiga kiki kila asubuhi mpaka jasho linakutoka kwenye baridi, na unarudi kwa fundi yule yule kumshukuru kwamba angalau kelele ilikwisha. Tapeti inayolia kidogo iko hai. Ile iliyonyamaza kabisa, anza kuichangia pesa za matanga.

Ukimya wa pili humiminwa. Fundi anaitoa oili yako na kukutilia nyingine nzito kama uji wa wimbi, pengine ameichanganya na ile ya giaboksi ya lori. Kelele inashuka papo hapo, kwa kuwa vyuma vimevikwa blanketi. Tatizo ni kwamba hapa tuko mita 2,100 hivi juu ya bahari, alfajiri zetu ni za nyuzi kumi, na blanketi hilo huchukua muda wake kupanda hadi kwenye kamu inayofungua valvu, ambako oili hutakiwa mapema. Wapo pia wanaotia oili ya magari ya kisasa kwa sababu ya uzuri wa chupa. Hiyo huwa na dawa za kupunguza msuguano, nayo klachi ya pikipiki, inayoogelea ndani ya oili ile ile, inaishi kwa msuguano. Utapanda mlima injini ikiimba na gurudumu la nyuma likitafakari. Geuza chupa, utafute maandishi JASO MA mgongoni mwake. Muuzaji akikuuliza unasoma nini, mwambie ni tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ukimya wa tatu ni wa wenye pesa: kuifungua injini. Hapa kumbuka uko mji gani. Wazee wangali wanauita Sisti Foo, hata baada ya kutangazwa jiji Agosti 2024, kwa kuwa ulianzia kwenye shamba namba 64 la ramani ya walowezi. Husimuliwa kwamba benki ya kwanza ilipatikana hivi: sefu iliporomoka kutoka kwenye mkokoteni wa maksai, ikawa nzito mno kuinuliwa, basi wakajenga benki kuizunguka. Hata kama hadithi imetiwa chumvi, desturi imebaki. Kitu kikishashushwa chini Eldoret, mambo hujengwa kukizunguka. Injini yangu iliwekwa juu ya gunia siku ya Jumatatu. Kufikia Jumatano ilikuwa imezungukwa na gaskiti, beringi, ringi, fundi wa pili, mwanafunzi wa fundi wa pili, na mama wa chai, ambaye naye alikuwa na maoni.

Ndipo nikaambiwa, “Mwalimu, lete kiti.”

Nikaenda kibanda cha jirani nikaazima kigoda, nikakipangusa, nikamwekea fundi kwa heshima zote. Karakana nzima ilikaa chini kwa kicheko. Kiti, kwa lugha ya wauza spea, ni bloku, pistoni, ringi na pini yake, vyote katika sanduku moja. Nilikinunua. Nilijifunza pia kwamba sanduku lenye jina la kampuni si ushahidi wa kilichomo, na kwamba neno “orijino” hutamkwa kwa sauti kubwa zaidi kadiri bidhaa inavyozidi kuwa feki.

Injini ikiwa wazi namna hiyo utaonyeshwa mchezo wa konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, na nakuomba usiukose. Fundi anakuita, anaishika konrodi kwa vidole viwili, anaitikisa kushoto na kulia. “Unaona?” Unaona kabisa. Inacheza. Nawe unaanza kupapasa mfukoni. Kumbe konrodi imeumbwa iwe na nafasi kidogo ubavuni. Ugonjwa uko mahali pengine: ishikwe wima, ivutwe juu na kusukumwa chini, na isisikike ikigonga hata kidogo. Mwombe fundi aitikise hivyo. Akisema hakuna haja, haja ipo.

Pikipiki yangu ilifungwa, ikawashwa mbele ya mashahidi. Kelele ilikuwepo. Ilikuwa na afya njema, na kwa sababu ya bloku mpya ilikuwa imepata mwangwi.

Basi nikuonye sasa kuhusu mambo ambayo hupaswi kabisa kuyafanya, kwa kuwa hayalipiwi.

Usivae glavu nene ukaanza kushika vitu injini ikiwa inazunguka: kinga ya ekzosi, bamba la namba, chuma cha kubebea mizigo, mlingoti wa mwamvuli, springi ya stendi. Kelele ikinyamaza mkononi mwako umepata nati iliyolegea, na umemnyima mtu chakula cha mchana. Wala usikaze bolti zinazoishikilia injini kwenye fremu. Bolti moja ikilegea hapo, pikipiki nzima hugeuka ngoma, na ngoma nzuri ina wateja wengi.

Usitazame saa. Kuna kelele inayosikika injini ikiwa baridi na kufifia ukishatembea dakika chache. Hiyo mara nyingi ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda: ikipata moto inavimba na kujaza nafasi yake. Inaweza kuishi hivyo muda mrefu, kama babu anayekohoa asubuhi tu. Lakini ikiwa moshi umeanza kuwa wa samawati, na mwendeshaji alilitoa chujio la hewa “ili ipumue vizuri”, na Januari nzima amekuwa akipumulisha vumbi la barabara za mashamba, basi kiti kinahitajika kweli, na safari hii si kigoda.

Usivute mkono wa klachi pikipiki ikiwa nyutro. Kelele ikibadilika au ikikoma, mtuhumiwa yuko upande wa klachi, na hutakuwa na sababu ya kufungua kichwa cha silinda, jambo litakaloleta huzuni kubwa karakanani.

Taimingi cheni nayo ina sauti yake: mnyororo unaoburutwa ndani ya ndoo. Huzidi unapoachia mafuta, injini ikiizuia pikipiki. Mteremko wa Iten kwenda Tambach ni mahali pazuri pa kuisikiliza, ikiwa breki zako ni nzima kuliko udadisi wako. Mara nyingi cheni yenyewe haina kosa, ni kikazio chake tu kilichochoka. Ila hakikisha kwanza kama injini yako inayo hiyo cheni. Zile zilizonakiliwa kutoka kwa Honda CG125 husukuma valvu kwa vijiti viwili virefu. Kamu imekaa chini, na hakuna cheni inayopanda kwenda kichwani. Nimemwona kwa macho yangu mtu akilipia taimingi cheni mpya ya injini ya vijiti. Na kelele iliisha! Fundi alikuwa amekaza tapeti.

Halafu kuna ile inayotatarika mlimani tu, ukiwa na abiria wawili na gunia, gia ya juu, kisha inanyamaza ukishusha gia. Usiifungue injini. Hiyo ni petroli inayolipuka ovyo badala ya kuungua kwa zamu yake, ama kwa kuwa injini imeelemewa, ama imepata joto kupita kiasi, ama petroli yenyewe si safi. Tangu 2018 kila lita ya mafuta ya taa hutozwa shilingi 18 za ziada ili yasitamaniwe na wachanganyaji. Yule kijana wa tatu pale steji atakueleza maoni yake kuhusu tamaa ya binadamu. Hewa yetu nyepesi huificha sauti hii kidogo. Teremka Kapsabet, Chavakali, mpaka Kisumu, na injini ambayo kabureta yake ilirekebishwa kwa hewa ya Eldoret inaweza kuanza kukaanga njugu kabla hujaliona ziwa.

Sauti moja sitaifanyia mzaha. Ni nzito, kong', kong', unaisikia kwenye nyayo kabla ya masikio, na huzidi unapovuta mafuta. Hiyo huwa ni beringi ya konrodi. Zima pale pale. Kutoka hapo hadi nyumbani unasukuma.

Kinachobaki ni bisibisi. Chukua ndefu, weka ncha kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, ujihadhari na vinavyozunguka na vinavyochoma. Gusa kichwani, gusa kwenye bloku, gusa kifuniko cha klachi. Zogo la chumba kimoja linagawanyika: baba yuko huku, sufuria iko kule. Kumbuka tu kwamba kamu huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankishafti, kwa hiyo kinachogonga huko juu hugonga polepole kuliko kinachogonga chini. Katika mji unaoishi kwa kusikiliza pumzi za wakimbiaji, ambapo kocha wa Kaptagat anajua nani ataachwa kabla mwenyewe hajajua, ni ajabu kwamba bisibisi sikioni bado humfanya mtu aonekane mwendawazimu. Mama wa chai alidhani nazungumza na simu.

Kwangu bisibisi ilisema: juu, kwenye kamu. Tukafungua kifuniko kidogo. Kamu ilikuwa na makovu kama uso uliopona ndui. Ilikuwepo hapo siku zote tatu injini ilipokuwa juu ya gunia, ila hakuna aliyeitazama, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiiuza.

Kamu huliwa hivyo ikikosa oili. Nikamwita mpwa wangu.

“Oili huwa unapima?”

“Kila asubuhi, mjomba. Huwa imejaa.”

“Hebu pima nione.”

Akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwenye suruali, akakirudisha, akakizungusha mpaka kikakaza kabisa, akakitoa. Kweli, imejaa. Alinitazama kama mwanafunzi aliyepata kumi kwa kumi.

Nikaenda kukitoa kitabu cha pikipiki, ambacho kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, kimehifadhiwa vizuri kuliko cheti cha ndoa. Kilisema hivi: pikipiki isimamishwe wima, kijiti kipanguswe, kiingizwe bila kuzungushwa, kipumzishwe tu juu ya tundu, kisha kisomwe. Pikipiki nyingine hupimwa kwa kukikaza na nyingine zina kioo ubavuni, kwa hiyo soma kitabu chako na si changu. Ya kwetu ilikuwa ya kupumzisha. Ukikikaza, kijiti kinashuka zaidi na kuifuata oili hata ikiwa imepungua. Kijana alikuwa amepima kila siku, bila kukosa hata Jumapili, na kila siku kijiti kilikuwa kimemdanganya kwa urefu wa nyuzi za kifuniko.

Nikamuuliza kuhusu kubadilisha. Alisema yeye hubadilisha mwisho wa mwezi, na nilipouliza mwezi upi akatazama upande wa mto Sosiani. Kijana anayekimbia kilomita 120 kwa siku humaliza kilomita 3,000 kwa siku 25. Hesabu hiyo hatukuweza kuithibitisha, kwani waya wa spidi ulikuwa umetolewa zamani ili pikipiki isizeeke.

Tukaweka kamu mpya na roka zake, oili ya kipimo chake, tapeti zikapimwa injini ikiwa baridi. Fundi, ambaye kufikia hapo tulikuwa kama ndugu, aliiwasha, akasikiliza, akakunja uso. “Mwalimu, bado iko na katik-tik kadogo. Nikaze?”

Nilimwambia ukinikazia hiyo nitakirudisha kigoda.

Siku hizi mpwa wangu hunipigia simu alfajiri kabla hajaenda steji. Pikipiki huwa bado imezimwa. Nyuma yake nasikia majogoo wa Langas na ndoo za majirani.

“Mjomba, umeamkaje? Oili nimepima, imejaa.”

“Nimeamka vyema. Umekikaza ama umekipumzisha?”

Kimya. Kisha, kwa mbali, nasikia kifuniko kikizungushwa.